Nyanya Zangu na Maji ya Saa Sita

Siku hiyo nilirudi nyumbani Carama, mtaani kwetu Bujumbura, saa sita mchana, jua limesimama utosini, nikamkuta mama mkwe wangu uani na beseni mikononi. Alikuwa ameegemeza goti lake bovu kwenye ukuta, anamimina maji juu ya ndoo zangu za nyanya. Yalikuwa maji ya kusuuzia nguo. Povu lilibaki juu ya majani likipasuka moja moja, na chini ya ndoo maji ya kahawia yakaanza safari yake kuelekea mlango wa jiko.

"Zilikuwa na kiu, mukwe wangu," akaniambia bila kugeuka. "Angalia vile zimelegeza shingo. Mutu anazipita tu bila kuzipa maji, ana roho gani?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitaka kumwambia kwamba nilizinywesha mwenyewe alfajiri, baada ya sala, kopo kwa kopo, mpaka maji yakatokea matundu ya chini. Nilitaka kumwambia kwamba nyanya ikipigwa na jua la mchana hulegea hata kama mizizi yake iko ndani ya maji, na jioni huamka yenyewe. Nilitaka kumwambia habari ya sabuni. Nikafungua mdomo, nikasema, "Asante, mama."

Hilo "asante" lilinichosha kuliko maji yenyewe. Nimelelewa mtaa wa Buyenzi na baba ambaye akimwona mama mkwe wake barabarani alikuwa anavuka upande wa pili, si kwa chuki, kwa heshima. Mimi sivuki barabara, lakini kumkatalia mama aliyenizalia mke, tena uso kwa uso, tena ndani ya nyumba yangu ambamo yeye ni mgeni, lilikuwa jambo ambalo ulimi wangu haukujua pa kuanzia.

Nyanya zenyewe nilizianza kwa sababu ya petroli. Nauza vipuri vya magari, duka langu liko Buyenzi, na mafuta yalipokuwa shida mjini magari yalilala majumbani mwa wenyewe. Gari lililolala haliharibu breki wala halivunji springi. Nikawa nafungua duka, nakaa, natazama barabara, nafunga. Wakati huohuo mama watoto alikuwa akirudi sokoni kila siku na nyanya chache kuliko za jana, akinilaumu kwa macho kana kwamba mimi ndiye niliyezipandisha bei. Mteja wangu mmoja, agronomi, yaani bwana wa kilimo, alikuja siku moja kutafuta pampu ya maji ya pikapu yake. Pampu haikuwepo, lakini kwa kuwa hata yeye hakuwa na petroli ya kuondokea, tulikaa tukaongea. Nikamwambia uwanja wangu ni saruji tupu. Akasema nyanya haijali saruji, inajali ndoo.

Basi nikakusanya vyombo. Ndoo za rangi nilizipata kwa jirani anayepaka nyumba. Bidoni, yaani madumu, za mafuta ya kula nilizikata vichwa kwa kisu. Nikachoma matundu chini kwa bisibisi niliyoipasha moto kwenye makaa. Udongo mweusi nilinunua kwa watu wanaolima pembezoni mwa mtaa, nikauchanganya na samadi ya ng'ombe, na juu nikatandaza maganda ya mpunga ili jua lisikaushe haraka. Agronomi alinifundisha jambo moja tu kuhusu maji: ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umeshikamana, ondoka, usimwage kitu. Kikitoka kikavu, mwaga taratibu, kwenye udongo, si kwenye majani, mpaka maji yatoke chini. Asubuhi. Basi.

Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameuza vyuma, ilikuwa furaha ya ajabu kuamka na kuingiza kidole kwenye udongo. Miche ilishika. Ikapanda. Nikaifunga kwenye vijiti vya mianzi. Maua ya njano yalipotokea nilimwita mama watoto atoke jikoni ayaone, akatoka, akayaona, akarudi jikoni. Lakini niliona alifurahi.

Kisha mama yake akaja.

Alitoka kijijini kwake Rumonge kwa ajili ya goti. Lilikuwa limevimba siku nyingi, na daktari wa hapa Bujumbura alisema lazima aje mara kwa mara, wamkande, wamchome sindano, wamtazame. Hakuwa mtu wa kwenda na kurudi kila wiki na goti lile, kwa hiyo akabaki kwetu. Mke wangu alimtandikia kitanda kizuri, akamwekea mto chini ya mguu, akamkataza kila kitu. Mama akishika ufagio, ananyang'anywa. Mama akisogelea jiko, anarudishwa barazani kwenye mkeka. "Umekuja kupona, mama, hukuja kufanya kazi," mke wangu alikuwa akisema, na kweli alisema kwa mapenzi.

Siku za kwanza mama alikaa barazani akitazama geti. Siku zilizofuata akaanza kutazama nyanya. Mimi sikuliona hilo. Nilikuja kuliona siku ya beseni.

Nilianza kwa njia iliyo halali, yaani kupitia kwa mke wangu. Nilimfuata jikoni akitwanga kitunguu saumu.

"Mama watoto, msemeshe mama. Nyanya zinakufa."

"Zinakufa na nini?"

"Na maji."

Akaacha kutwanga. "Watu wanakosa maji, wewe nyanya zako zinakufa na maji?"

"Zinapewa mara mbili. Mimi asubuhi, yeye mchana. Tena mchana wa jua kali, tena na sabuni. Mwambie aache tu."

"Sema mwenyewe."

"Mimi? Ni mama mkwe wangu!"

"Na kwangu mimi ni mama yangu."

Hata hivyo alikwenda. Nilikaa ndani, dirisha wazi, nikasikia kila neno. Alimwambia, "Mama, baba watoto anasema usijichoshe na zile nyanya. Anaogopa goti lako litauma." Kisha nikasikia sauti ya mama imelainika kabisa: "Mukwe wangu anasema vile? Mungu amubariki. Mwambie asijali. Kwa mutu mwema kama yeye, goti si kitu."

Kesho yake alizinywesha mara mbili.

Nikajaribu njia ya pili, ya kumtangulia. Alfajiri nikamaliza kunywesha, nikamsubiri atoke chumbani, nikasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Mama, leo nyanya zimeshakunywa! Zimeshiba!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema jambo la kipumbavu lakini ana afya njema. "We asubuhi unakunywa chai?"

"Ndiyo, mama."

"Saa sita hunywi maji?"

Nikaweka kopo langu chini.

"Ee," akasema, akaenda kukaa.

Njia ya tatu nilidhani ni ya akili. Kama siwezi kuzuia maji kuingia, nitayasaidia kutoka. Nikapasha bisibisi moto tena, nikapanua matundu, nikaongeza mengine ubavuni. Mchana wake mama alipomwaga, maji yalipita kama kwenye chujio, yakabeba samadi, yakabeba udongo, yakabeba maganda ya mpunga, yakafanya mto mweusi uani mpaka ndani ya jiko. Mke wangu aliponiona narudi kutoka dukani alikuwa na fagio la maji mkononi na kanga imepandishwa hadi magotini. Alininyooshea fagio tu. Nikavua viatu, nikafagia, na mama kwenye mkeka akawa ananielekeza wapi pamebaki.

Zikaanza kuwa njano. Kwanza majani ya chini, halafu ya kati. Kwenye bidoni moja udongo ulitoa harufu ya kitu kilichofungiwa. Maua yakaanguka kabla ya kuzaa, na matunda mawili matatu yaliyokuwa yameshika yakafanya doa jeusi kitakoni. Nilimpigia agronomi, nikampelekea picha kwa simu. Akacheka kabla hajajibu. "Acha kuzinywesha kabisa mpaka udongo ukauke. Unazizamisha."

"Si mimi," nikamwambia.

"Ni nani basi?"

"Ni jambo la ndani ya familia."

Jioni ile nikapata wazo, na mpaka leo sijui kama lilikuwa wazo zuri ama baya. Mama ni mtu wa dini. Nikamkuta ana tasbihi yake, nikakaa mbali kidogo kama inavyotakiwa, nikasema, "Mama, nimeuliza bwana mmoja aliyesomea kilimo. Amesema hizi nyanya zinaumwa. Dawa yake, zifunge."

"Zifunge nini?"

"Zifunge, mama. Kama tunavyofunga sisi. Zisionje maji."

Akaacha tasbihi. Nikaona jambo limemwingia. "Hata tone?"

"Hata tone."

"Haya," akasema kwa uzito mkubwa. "Kama ni dawa, zifunge."

Kesho yake nilikaa dukani nikiwa na raha ambayo sikuwa nayo siku nyingi. Saa sita sikurudi hata nyumbani, nilikula mandazi palepale. Nikafunga jioni, nikasali magharibi msikiti wa Buyenzi, nikarudi Carama bila haraka. Nikafungua geti. Kila ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maji yanang'aa kwa taa ya baraza, na maganda ya mpunga yanaelea juu.

"Zimefuturu," mama akasema kutoka mkekani. "Zimevumilia sana, maskini. Tangu asubuhi."

Nilisimama pale na funguo za duka mkononi. Mke wangu alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikaingia ndani, nikalala na njaa kwa hasira, jambo ambalo halikumsumbua mtu yeyote isipokuwa tumbo langu.

Kama mambo yangebaki hapo ningekuwa naeleza kisa cha kuchekesha tu. Lakini maji ya bomba yakakatika. Mtaani kwetu yakikatika watu hawashangai. Wanatoa bidoni nje na kusubiri wenye baiskeli wanaoleta maji ya kuuza. Siku ya kwanza tulivumilia na yale tuliyoweka akiba. Baadaye mke wangu alinunua bidoni kadhaa, akazipanga nyuma ya mlango, akatuambia sote, mbele ya mama, kwamba maji haya ni ya kupikia, ya kunywa na ya kutawadhia.

Siku hiyo joto lilikuwa lile la Bujumbura la kabla ya mvua, ambalo shati linagandamana na mgongo hata ukiwa umekaa. Duka halikuwa limeuza kitu asubuhi nzima. Nilirudi nimechoka, nataka nitawadhe, nisali, nile. Nikaenda nyuma ya mlango, nikashika bidoni ya kwanza, ikapanda juu nyepesi kama haina kitu, na kweli haikuwa na kitu. Nikatoka nje.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ndoo, kopo mkononi, anazipa moja moja kwa zamu, anaongea nazo polepole. Nyanya zenyewe zilikuwa zimeshakuwa vijiti vyenye matambara ya njano.

"Mama, wacha!" nikasema. "Wacha kabisa! Unaziua! Huoni unaziua?"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Ilifika kwa jirani, maana kelele za redio yake zilipungua ghafla. Mama hakushtuka. Aliweka kopo juu ya ukingo wa ndoo, taratibu, ili lisianguke. "Sawa," akasema. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, mguu wake mmoja ukiburuzika. Nikasikia mlango wa chumba chake unafungwa bila kubamizwa.

Mke wangu akatoka jikoni. "Umemfokea mama yangu kwa sababu ya nyanya."

"Sikumfokea."

"Nilikuwa hapa."

"Bidoni nzima, mama watoto! Maji ya kununua! Wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema. Na ningemwambia mimi." Akafuta mikono kwa kanga. "Wewe ulimwambia asante kila siku, leo ndiyo unamwambia anaua."

Maneno hayo yalinikasirisha zaidi, maana nilijua bado nina haki. Nilikuwa na haki juu ya maji, nilikuwa na haki juu ya nyanya, na haki yote hiyo haikunisaidia kumeza wali wa mchana ule.

Siku mbili zilizofuata mama hakukanyaga uani. Alisema goti linauma. Alijibu salamu zangu vizuri, tena kwa adabu kubwa mno, "Salama, baba, ahsante, baba," hata nikatamani anitukane. Nyanya hazikupata maji ya mtu yeyote, maana mimi nilikuwa nasubiri udongo ukauke, na ulipokauka nikasahau kwa mawazo, na katika jua lile ndoo haingoji. Mimea mitatu iliyokuwa na matumaini ikanyauka kwa kiu halisi. Niliitazama nikahisi kama kuna mtu ananifanyia mzaha.

Siku ya tatu mke wangu akanipigia simu dukani, sauti yake imebadilika. "Mama anafunga vitu vyake. Anasema anarudi Rumonge. Bado hajamaliza matibabu."

Nikafunga duka. Nilipofika, mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi, na mfuko wake wa safari uko kitandani, kitenge kimekunjwa juu yake. Sikuingia. Niliketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu ya mlango, uso wangu umeelekea ukumbini, ili tuweze kuongea bila mmoja kumkodolea mwingine macho.

"Mama, nisamehe kwa ile siku."

"Nimekusamehe palepale. Mutu anaweza kukasirika."

"Basi mbona unaondoka?"

Nikasikia anakunja nguo nyingine.

"Mukwe wangu, mi kwangu niko na mihogo. Niko na michikichi. Niko na kuku, na ile mbuzi ya jirani inaniingilia shamba kila siku, nagombana nayo. Asubuhi nikiamka, vitu vinaningoja. Hapa niko na goti. Tangu asubuhi mpaka usiku, goti. Nalitazama, linanitazama." Akakung'uta nguo. "Mutoto wangu ananikataza hata kushika sufuria. Nikaona ile nyanya, nikasema, angalau hii haiwezi kunikataza."

Nilikaa pale kwenye kizingiti nikitazama ukumbi wangu mwenyewe, picha ya Kaaba ukutani, viatu vya watoto vimetupwa ovyo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari ya matundu na mizizi. Sikueleza.

"Zilikuwa zinakufa, mama," nikasema tu.

"Niliona," akasema. "Ndiyo maana niliongeza maji."

Sasa ikabaki kumshawishi mke wangu, na hapo ndipo nilipojua ukaidi wa mama yule umerithiwa bila kupungua. Nilimwambia amwachie mama jiko siku mojamoja.

"Watu watasema nini? Mama amekuja kutibiwa, namtumikisha?"

"Watu gani? Nani anaingia jikoni kwako?"

"Goti litamuuma."

"Atapika amekaa."

"Kwa kigoda? Karibu na moto?"

"Mama watoto," nikamwambia, "mimi nimepoteza nyanya zote ili wewe usitumikishe mama yako. Mpe sufuria."

Akanipa mgongo. Lakini jioni nikamwona amemletea mama beseni la maharage ayachambue. Mama akayatazama, akamtazama binti yake. "Nichambue maharage kama niko hospitali? Lete mukeke." Wakalumbana sana, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, na mwisho mukeke, yule samaki wa ziwani, akaletwa. Mama alimkaanga mwenyewe, mguu umenyooshwa kwenye mto, akiwa na mwiko mkononi na kumpa amri kila mtu aliyepita. Tulikula vizuri. Mfuko wa safari ukarudi chini ya kitanda.

Kuhusu nyanya nilifanya kile ambacho ningefanya tangu mwanzo kama ningekuwa na ujasiri. Nilipanda miche mipya, nikagawa. Zilizo karibu na jiko zake, zilizo karibu na geti zangu. Alichana vipande vya kitenge cha zamani akafunga kwenye vijiti vya kwake ili pasiwe na ubishi. "Hizi usizitie kidole," akaniambia. Alikuwa ameniona asubuhi nikichomeka kidole kwenye udongo na hakuwahi kuuliza. Alidhani ni dua fulani.

Kwa muda tukaishi hivyo. Mimi alfajiri, yeye saa sita. Nilijitahidi kupita upande wa jiko bila kugeuza kichwa, lakini pua yangu iliniambia udongo unaoza, na moyo wangu ulikuwa ukiuma kwa ajili ya miche ile kama vile ni watu. Moja baada ya nyingine zikawa njano. Mama hakukata tamaa wala hakubadili kitu. Alisema miche ile ilikuwa na ugonjwa tangu nilipoileta, na kwamba, bila kunilaumu, nilichagua mizuri nikaiweka kwangu. Ulibaki mmoja tu, kwenye ndoo ya ukutani ambako kivuli cha paa kinafika mapema.

Na mchana mmoja, kama mtu angeweza kukisia, nilirudi nikamkuta upande wa geti. Upande wangu. Beseni mikononi.

"Mama..."

"Za kwangu zimekwisha. Nakusaidia za kwako."

Nikasikia lile "asante" linapanda kooni, limejitayarisha, linajua njia. Nikalimeza.

"Apana, mama," nikasema.

Akageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika miaka yote tangu nimwoe binti yake kutazamana macho kwa macho. "Apana?"

"Apana."

Alibaki na beseni lake hewani. Nilianza kuogopa mfuko ule wa safari. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha mtu wa Rumonge aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba, akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye miguu yake mwenyewe, akavua ndala akasugua vidole kwenye saruji iliyolowa. "Haya," akasema. "Kumbe una mdomo. Nilidhani mutoto wangu ameolewa na bubu." Akaenda jikoni kumsimulia mke wangu, na nikawasikia wote wawili.

Nyanya zangu zilizaa. Si nyingi, na nyingine zilipasuka ubavuni kwa sababu ya wiki moja ambayo maji yalikatika tena, lakini tulikula kachumbari ya nyumbani, na mke wangu hakwenda sokoni kwa nyanya kwa siku kadhaa. Uvimbe wa goti la mama ulipungua. Daktari akamruhusu. Siku ya kuondoka alitaka kubeba ndoo yake ya ukutani, ule mche mmoja uliobaki, ukiwa na matunda mawili ya kijani. Nilimwambia basi litautingisha, udongo utamwagika, shina litavunjika. Mke wangu akamwambia. Hata mwanamume anayepanga mizigo kituoni akamwambia, na akataka kuiweka juu ya paa. Mama alikataa. Alikaa kitini na ndoo mapajani, majani yanamkuna kidevuni, akatupungia mkono kupitia katikati ya matawi. Mimi nilirudi dukani na tope kifuani mwa shati, maana ni mimi niliyeibeba ndoo ile kutoka nyumbani, na alikuwa ameinywesha kabla ya safari.

Baada ya siku kadhaa alipiga simu. Nilikuwa na mteja anayechagua pedi za breki, lakini simu ya mama mkwe haiachwi ikalia.

"Mukwe wangu, hamujambo? Watoto?"

"Hatujambo, mama. Goti?"

"Goti linatembea. Ile nyanya ilikufa njiani, hata Rumonge haikufika."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nimeing'oa, nimepanda mboga, lengalenga. Inameza maji vizuri, saa sita kwa saa sita, haina maringo. Lakini ile ndoo yako, mukwe wangu, ile ni ndoo! Zikiwepo nyingine kama ile, nitumie."

Mteja alikuwa ananisubiri, pedi mbili mkononi, anataka kujua ipi ya Toyota. Nikamwambia mama kwamba nitaangalia. Jioni nikamsimulia mama watoto, akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilitoka uani, nikazihesabu ndoo zangu kwa macho, nikaanza kumchagulia mama zile zilizopasuka kidogo.